Jibu: Je, tornado hutokea nje ya dunia?

Mkuu, kwenye anga tupu kati ya sayari, hapana. Tornado ni hewa inayozunguka kwa kasi kutoka wingu la radi hadi ardhini. Huko hakuna hewa wala wingu.

Mars ni habari nyingine. Kuna visulisuli vya vumbi, ila hivyo huanzia chini, jua linapopasha ardhi na hewa moto kupanda, kwa hiyo si tornado. Mwaka 2012 chombo cha NASA kinachoizunguka sayari hiyo kilipiga picha ya kimoja chenye kimo cha kilomita 20 hivi, upana meta 70 tu. Usitishwe na kimo hicho. Kanieneo ya hewa ya Mars haifiki asilimia 1 ya yetu, hivyo upepo wa kilomita 100 kwa saa ungekusukuma kama wa kilomita 13 hivi hapa kwetu. Spirit, roboti ya NASA iliyokuwa ikitembea kwenye ardhi ya Mars, hata ilinufaika: Machi 2005 upepo ulipangusa vumbi kwenye paneli zake za sola, umeme ukapanda.

Hizo video za "tornado za Jua" mnazorushiana ni plazma, yaani gesi moto yenye chaji, iliyoshikwa na nguvu za sumaku. Upepo hauhusiki kabisa.