Lile onyo la mwaka wa kwanza, mwanangu, litaje

Mwanangu Zuhura,

Marahaba. Sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara mbili, ya pili nikiwa garini nje ya hospitali kabla sijaingia zamu. Unauliza kama onyo uliloandikiwa mwaka wa kwanza kwa kupika chapati bwenini ni lazima ulitaje kwenye maombi ya udaktari. Mlezi wa wanafunzi alikwambia limekwisha, halimo kwenye matokeo yako, na rafiki yako kakushauri unyamaze.

Litaje.

Picha uliyonitumia ya fomu ya AMCAS, ile ya kuombea vyuo vya udaktari huku Marekani, nimeisoma polepole, neno kwa neno. Hawakuulizi kama ulifukuzwa. Wanauliza kama chuo kimewahi kukuchukulia hatua yoyote kwa masomo au mwenendo, hata kama hukusimamishwa, hata kama haionekani kwenye matokeo, hata kama imeshafutwa. Mlezi hakukudanganya, yeye alisemea kumbukumbu za chuo chenu. Hawa wanakuuliza wewe, na ukiweka "hapana" unaithibitisha kwa jina lako. Chapati haiwezi kukunyima udaktari. Hiyo "hapana" inaweza.

Kwanza nenda ofisi ya nidhamu uombe kuliona faili lako. Sheria ya FERPA ya 1974, ile ya kumbukumbu za wanafunzi, inakupa haki hiyo, na hawaruhusiwi kukuzungusha zaidi ya siku 45. Wewe unakumbuka king'ora, na bweni zima nje saa nane usiku, watu wamejifunika mablanketi kwenye theluji. Wao huenda waliandika tu kwamba ulikutwa na jiko la koili lisiloruhusiwa. Tarehe yako na yao zilingane.

Nafasi ya maelezo ni herufi 1,325. Usihangaike kuijaza. Sema ulifanya nini, lini, ukapewa adhabu gani, na tangu hapo unaishi vipi. Mwenzako wa chumbani usimtaje, ingawa jiko lilikuwa lake. Aliyekuwa amelishika ni wewe. Na lile linalokunyima usingizi, kwamba msimamizi alipokuuliza mara ya kwanza ulikana, kama limo kwenye faili liandike pia. Mstari mmoja unatosha. Ukiomba na vyuo vya Texas kupitia TMDSAS, mfumo wao wenyewe wa maombi, soma swali lao upya, usidhani maneno ni yale yale.

Kuna jambo sijawahi kukusimulia. Nilipokuwa muuguzi mpya huko nyumbani, zamu ya usiku, umeme umekatika, nilimchoma mgonjwa wa kitanda cha 6 sindano ya antibayotiki iliyokuwa ya kitanda cha 9. Nikasimama pale na bomba tupu mkononi, tochi nimeibana kwapani. Mwenzangu akaninong'oneza kwamba dawa ile haitamdhuru, nimpe na wa 9 ya kwake, yaishe. Nililia kwanza. Kisha nikaandika kwenye mafaili yote mawili: saa, dawa, kiasi, na jina langu. Asubuhi daktari akasoma, akampima figo yule mama wa kitanda cha 6, akazikuta hazina nguvu. Dawa ile ni kali kwa figo, na mimi sikujua hali yake. Walimwangalia kwa karibu siku zote alizobaki wodini. Nilipewa barua ya onyo, ninayo mpaka leo kwenye lile bahasha la vyeti vyangu.

Wanaosoma maombi yako watakukabidhi wagonjwa kama yule mama. Ndiyo maana swali lile naliona la haki, hata likikuuma.

Alhamisi sina zamu. Andika rasimu kabla ya hapo unitumie, tuisome pamoja kwenye simu. Baba yako nimeshamwambia. Hakukasirika, aliuliza tu kama uliungua mkono. Na ukihamia nyumba yenye jiko lake, chuma cha chapati nitakuletea mwenyewe.

Mama yako