Kabla ya Kununua Sensa Mpya kwa Corolla ya Zamani

Taa ya injini inapowaka kwenye Corolla ya miaka ya 1990, kama AE100 ninayoendesha mimi, ushauri unaotolewa upesi ni kubadilisha sensa iliyotajwa na kompyuta. Ninaupinga ushauri huo kwa dhati, kwa sababu kompyuta haiioni sensa yenyewe. Inachokipokea ni volti zinazopita kwenye waya, na zikitoka nje ya kiwango inachokitarajia, huhifadhi namba ya hitilafu inayohusu njia nzima ya umeme: sensa, soketi, waya, na hata kompyuta yenyewe. Watu wengi wamenunua sensa mbili au tatu kwa hitilafu iliyokuwa kwenye soketi, na fedha ya spea si ya kuchezea.

Magari mengi ya rika hili yaliletwa kwetu yakiwa yametumika Japani, na hayana mfumo sanifu wa kusoma hitilafu, OBD-II, ambao Marekani iliulazimisha kuanzia modeli za 1996, hivyo mashine ya kusomea anayobeba fundi mara nyingi haitapata jibu lolote. Namba husomwa kwa taa ya dashibodi. Chini ya boneti kuna kisanduku chenye mfuniko ulioandikwa DIAGNOSTIC, na upande wa ndani wa mfuniko huo majina ya matundu yameonyeshwa. Swichi ya ufunguo ikiwa imezimwa, unganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, ukijihadhari usiguse tundu la +B, lenye umeme wa betri, kisha weka gia huru, zima kiyoyozi, ondoa mguu kwenye pedali ya mafuta, na ufungue swichi bila kupiga stata. Taa ikipepesa mfululizo kwa mwendo uleule, hakuna namba iliyohifadhiwa; ikipepesa mara mbili, ikatulia kidogo, kisha ikapepesa mara mbili tena, hiyo ni 22. Ukikutana na 51, kagua kwanza kiyoyozi, gia na pedali, kwa kuwa namba hiyo hujitokeza kimojawapo kisipokuwa katika hali niliyoitaja, hata kama gari ni zima.

Namba 22 ni ya sensa ya joto la maji, na ndiyo ninayotaka kuieleza kwa kina kwa sababu inapotosha wengi. Injini hizi zina vipimo viwili vya joto: kimoja chenye waya mmoja, kinachopeleka habari kwenye geji ya dashibodi, na kingine chenye waya mbili, kinachoihudumia kompyuta. Kwa hiyo mshale wa geji ukikaa katikati vizuri, hilo halithibitishi lolote kuhusu sensa ya kompyuta. Waya wake ukikatika kabisa, kompyuta huwasha taa na kuchukulia kwamba maji yana nyuzi 80, na gari huwa gumu kuwaka asubuhi ya baridi kwa kukosa mafuta ya ziada. Kutu ikiingia kwenye soketi na kuongeza ukinzani (kiasi waya unavyozuia umeme, unaopimwa kwa omu) kidogo tu, mambo hugeuka: kompyuta hudhani injini ni ya baridi kuliko ilivyo, humwaga mafuta mengi, eksosi hutoa moshi mweusi, na huenda taa isiwake kamwe.

Hivyo ndivyo gari langu lilivyokuwa. Lilikunywa mafuta kupita kiasi, na namba 22 ilikuwa imehifadhiwa ingawa taa ilikuwa imekwisha kuzimika yenyewe. Nilipochomoa soketi, pini zilikuwa na ukungu wa kijani. Nilipima sensa kwa multimita ikiwa imechomolewa, injini ikiwa ya baridi na baadaye ikiwa ya moto. Sensa nzima huwa na takriban omu 2,000 hadi 3,000 kwa nyuzi 20, ikishuka hadi kati ya 200 na 400 kwa nyuzi 80. Kwenye joto la Dar es Salaam, tarajia pungufu kidogo hata asubuhi. Yangu ilikuwa ndani ya viwango hivyo. Kisha nilifungua swichi na kupima kati ya waya mbili za upande wa gari, nikapata karibu volti 5, ishara kwamba waya na kompyuta vilikuwa salama. Dawa ikawa kusafisha pini na kuzibana zishike sawasawa.

Tafadhali usitumie taa ya kupimia umeme kwenye waya za kompyuta, kwa kuwa huvuta mkondo mkubwa kuliko zinavyostahili. Vilevile, 22 ikitokea pamoja na 24, ambayo ni ya joto la hewa inayoingia, tazama kwanza waya wa ethi unaotumiwa na sensa zote mbili, unaoitwa E2, kwa sababu si kawaida sensa mbili kufa siku moja.

Baada ya matengenezo, zima swichi, chomoa fyuzi ya EFI, yaani ya mfumo wa kupuliza mafuta, kwa sekunde 10 au zaidi ili kufuta namba, endesha gari mpaka injini ipate joto kamili, halafu soma upya. Ikiwa 22 imerudi, soketi ni safi, volti 5 zipo, na omu za sensa haziko karibu na viwango, basi nunua sensa.