Je, Rebbe ni marehemu? Jibu langu kuhusu Walubavitch na Masihi

Mleta mada, umeweka video ya wanaume wenye kofia nyeusi wakiimba kwa nguvu zao zote mbele ya kiti kitupu, ukauliza mambo mawili. Je, ni kweli kuna Wayahudi, hawa Walubavitch, wanaoamini kwamba rabi wao aliyefariki mwaka 1994, wanayemwita Rebbe, ndiye Masihi? Na kama ni kweli, wana tofauti gani na Wakristo? Waliotangulia kuchangia wamekujibu kwa mkato kwamba hao ni wendawazimu. Mimi nimeishi nao. Tangu 2013 hadi 2019 nilifanya kazi ya kumtunza bibi mmoja mjane mtaa wa Crown Heights, Brooklyn, mwendo wa dakika chache kutoka jengo hilo la kwenye video. Naomba nikueleze nilichokiona, maana limeniuma kusoma watu ninaowajua wakitupiwa neno moja na kuachwa hapo.

Nianze na neno letu wenyewe. Sisi mtu akifariki, hata kabla ya arobaini, ulimi unazoea kusema "marehemu fulani". Ukimtaja bila neno hilo, watu wanakutazama. Wayahudi nao wana vifupisho vya kuweka baada ya jina. Rabi aliye hai huandikiwa "shlita", yaani aishi siku nyingi na njema. Aliyefariki huandikiwa "zatzal", kumbukumbu ya mwenye haki iwe baraka. Ugomvi wote wa kwenye video yako umekaa hapo, kwenye herufi chache zinazofuata jina. Ukitaka kumjua Mlubavitch yuko upande gani, huna haja ya kumhoji. Msubiri amtaje Rebbe, kisha sikiliza kinachofuata.

Nililijua hilo mezani, usiku wa Sabato, mwaka wangu wa kwanza. Bibi alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, mimi pembeni yake nikimkatia samaki vipande vidogo. Mwanawe wa kiume, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, alikuwa anasimulia jambo aliloambiwa na Rebbe ujanani, akamtaja kwa lile neno la marehemu. Mjukuu, kijana wa miaka kama 20 mwenye beji ya njano yenye taji kifuani, alama ya wanaoamini kwamba Rebbe ndiye Masihi, akaweka uma chini na kusema kwa sauti tulivu, "Shlita." Baba akarudia la kwake. Kijana akarudia la kwake. Watoto wakaacha kula. Bibi akagonga meza kwa kijiko mara moja, hakusema kitu. Kimya kikakaa, kisha yule mwanawe akaanzisha wimbo usio na maneno, wale waliorithi kutoka Urusi, na wote wakaitikia, hata kijana. Walikuwa wakiniita dada, na usiku ule nikaona hii si vita ya madhehebu mawili yanayokaa mitaa tofauti. Ni nyumba moja, sufuria moja.

Sasa mwenyewe alikuwa nani. Menachem Mendel Schneerson alizaliwa mwaka 1902 mji wa Mykolaiv, Ukraine ya leo, akasoma Berlin na Paris, akafika New York mwaka 1941 akikimbia vita. Mwaka 1951 akashika uongozi wa Chabad-Lubavitch baada ya kufariki baba mkwe wake, akawa Rebbe wa saba. Kwa ndugu zangu wa pwani, ukitaka kuelewa neno Rebbe, fikiria sheikh wa tarika mbele ya muridi wake, siyo mtu wa kusalisha tu. Jumuiya aliyoipokea ilikuwa imesagwa na Wakomunisti upande mmoja na Wanazi upande mwingine. Yeye akaanza kutuma vijana, mume na mke pamoja, waende kuishi miji ambayo Myahudi hana hata wa kumfundisha sala. Leo wako maelfu, katika nchi zaidi ya 100. Nairobi wapo, Kampala wapo, Kinshasa wapo tangu 1991.

Na tangu hotuba yake ya kwanza ya 1951 suala la Masihi lilikuwemo. Alifundisha kwamba kizazi cha saba ndicho chenye kazi ya kukamilisha kilichoanzwa na sita vilivyotangulia, kama Musa alivyokuwa wa saba kutoka kwa Ibrahimu. Hakusema "mimi ndiye". Lakini muridi anayesikia hivyo kila wiki, kwa miaka 40, kutoka kwa mtu anayempenda kuliko roho yake, atafikiri nini? Waliothubutu kumwimbia kwamba yeye ndiye Masihi aliwakemea hadharani. Kisha mwezi Aprili 1991 akasimama akawaambia kwamba yeye ameshafanya yote aliyoweza, sasa wao wafanye la kwao ili Masihi aje. Bibi alikuwepo usiku ule. Aliniambia watu walitoka wakilia kama waliofiwa.

Mwezi Machi 1992 akapatwa na kiharusi akiwa kwenye kaburi la baba mkwe wake. Sauti ikakatika, mkono wa kulia ukafa ganzi. Hapo ndipo ule wimbo unaousikia kwenye video, wanaouita "Yechi", ulipopaa: aishi bwana wetu, mwalimu wetu na rabi wetu, Mfalme Masihi, milele na milele. Waliuimba mbele yake, naye akawa anatikisa kichwa au kupunga mkono wa kushoto. Upande mmoja unasema alikuwa anaridhia. Upande wa pili unasema mgonjwa asiyeweza kusema asishuhudiwe kwa mkono. Mimi nimetunza wagonjwa wa kiharusi, na katika hili niko na upande wa pili kabisa. Mkono wa mgonjwa husomwa na kila mtu kwa matamanio yake. Hata watoto wa bibi walikuwa wakibishana mbele yangu kama mama yao ametikisa kichwa kwa kukubali au kwa uchovu.

Akafariki tarehe 12 Juni 1994. Hakuacha mtoto, wala hakutaja mrithi. Wapo waliocheza na kuimba mbele ya jengo siku ya mazishi, wakiamini atainuka saa yoyote. Hakuteuliwa Rebbe wa nane hadi leo. Kati ya Wahasidi, yaani Wayahudi wa makundi yenye Rebbe kama hili, jambo hilo lina mfano mmoja maarufu, wafuasi wa Rabi Nachman wa Breslov aliyefariki 1810, nao hawakuweka mrithi. Ila hao hawakatai kwamba Nachman wao ni marehemu.

Tuje kwenye hoja, maana hapa ndipo kwenye uzito. Wanaopinga husimama juu ya Musa bin Maimun, yule mwanachuoni na tabibu wa Misri ya karne ya 12. Katika sheria zake kuhusu wafalme ameweka ngazi mbili. Akitokea mfalme wa ukoo wa Daudi, msomi wa Torati, akawarudisha watu kwenye njia na kupigana vita vya Mungu, adhaniwe kuwa ndiye. Akifaulu, akajenga Hekalu na kukusanya waliotawanyika, basi ni yeye kwa yakini. Asipofaulu, au akiuawa, ijulikane siye. Mfano anaoutoa ni Bar Kokhba, ambaye hata Rabi Akiva alimdhania kuwa Masihi katika vita dhidi ya Warumi, hadi alipouawa mwaka 135.

Wanaoamini wanajibu kwamba Rebbe hakuuawa, alifariki, na kwamba Talmud yenyewe, mkusanyo mkuu wa mafundisho ya marabi wa kale, kwenye sehemu ya Sanhedrin ukurasa wa 98, ina kauli kwamba Masihi akiwa ni wa kutoka kwa walio hai atakuwa mfano wa Rabi Yehuda, na akiwa wa kutoka kwa wafu atakuwa mfano wa Danieli. Ukurasa huohuo unaeleza wanafunzi wa kila chuo wakisema Masihi ni mwalimu wao. Kijana wa beji ya njano alikuwa akiujua kwa moyo, akanitafsiria neno kwa neno jikoni huku nikiosha vyombo. Siwezi kusema alikuwa hana hoja.

Mpinzani mkubwa kwa maandishi ni David Berger, profesa wa historia ya Wayahudi, Myahudi wa dini kali yeye mwenyewe. Mwaka 2001 alichapisha kitabu kizima cha kuwalaumu viongozi wenzake wa dini kwa kulinyamazia jambo hili. Hoja yake ndiyo inayogusa swali lako la pili. Kwa karne nyingi Wayahudi wa Ulaya walisukumwa wabatizwe, na jibu lao lilikuwa moja: Masihi akifa kabla ya kumaliza kazi, siye. Watu walikufa kwa jibu hilo. Sasa, anasema Berger, mnalitupa kwa ajili ya mtu mliyempenda? Baraza la marabi la Marekani, RCA, lilikwishatamka mwaka 1996 kwamba hakuna wala hapajawahi kuwa na nafasi katika Uyahudi kwa imani ya Masihi anayeanza kazi, akafa, akazikwa, kisha akafufuka kuimaliza.

Hata hivyo ukisema "basi hao ni Wakristo", umekosea. Hawana fundisho la mtu kufa kwa ajili ya dhambi za wengine, na hawajafuta hata amri moja. Nyumba ile kulikuwa na masinki mawili, la nyama na la maziwa, na kijana wa Masihi ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote nisichanganye vijiko. Kuna kikundi kidogo sana kilichofika mahali pa kumtaja Rebbe kwa sifa za Muumba, na hao pande zote mbili zinawakana. Lakini sehemu kubwa ya wenye beji wanaamini ufufuo kama kila Myahudi wa dini anavyouamini. Wanachoongeza ni jina la atakayetangulia. Kuongeza huko si kudogo, ndiyo maana Berger hajanyamaza, na kwa hoja namwona ana haki. Alipotaka watu hao wasikubaliwe hata kuchinja wala kutoa ushahidi, hapo moyo wangu ulikataa, maana nimekula kwenye meza yao.

Ukitaka kuwaona kwa macho, nenda mara mbili. Mara ya kwanza nenda kwenye jengo lenyewe, namba 770 barabara ya Eastern Parkway, ambalo wenyeji huliita kwa namba tu. Bibi nilikuwa nampeleka kwenye roshani ya wanawake, unakotazama chini kupitia vioo vyeusi. Kabla ya sala, wale vijana wanafungua njia katikati ya umati, msongamano wa watu unagawanyika, na njia inabaki tupu kuanzia mlangoni hadi kwenye kiti, kwa muda wa mtu kupita. Hapiti mtu. Wanaimba, kisha njia inafunga.

Mara ya pili nenda Queens, makaburini, tarehe 3 ya mwezi wao wa Tammuz, siku aliyofariki. Mwaka 2019, ilipotimia miaka 25, siku zilizoizunguka tarehe hiyo foleni ilizunguka barabara usiku kucha. Watu wanavua viatu vya ngozi, wanabisha mlango wa kaburi kabla ya kuingia kama wanaobisha nyumba ya mtu, wanasoma barua waliyomwandikia, wanaichana na kuitupia kaburini, kisha wanatoka kinyumenyume. Barua zilikuwa zimejaa kimo cha magoti. Mwana wa bibi alikuwepo. Mjukuu hakwenda, kwake kwenda kuzuru kaburi kungekuwa kukiri.

Ugomvi wa herufi ulifika hadi mahakamani. Kwenye ukuta wa 770 waliweka kibao chenye jina la Rebbe na neno la marehemu. Mwaka 2004 kibao kikaharibiwa, polisi wakaitwa, kesi ikafunguliwa Brooklyn, na uamuzi ukawa kwamba jengo ni mali ya uongozi mkuu wa Chabad, ambao umekwisha kusema wazi kwamba kumtangaza Rebbe kuwa Masihi ni kinyume cha matakwa yake. Lakini ukishuka kwenye sinagogi lenyewe, wenye beji ndio wanaolishika hadi leo, na maneno ya "Yechi" yapo ukutani. Lile handaki mlilolisikia Januari 2024, vijana waliochimba chini ya jengo hadi polisi wakaja, lilitoka kwenye mvutano huohuo: walisema wanatimiza agizo la Rebbe la kupanua sinagogi.

Bibi alifariki msimu wa baridi, mwishoni mwa 2019. Tangu 1986 Rebbe alikuwa akisimama siku za Jumapili kugawa noti za dola moja, mpokeaji atoe sadaka. Watu walitoa sadaka dola nyingine, ile ya mkono wake wakaitunza. Ya bibi ilikuwa kwenye mfuko wa plastiki ndani ya kitabu chake cha sala, na aliagiza apewe yule mjukuu wa beji. Mimi ndiye niliyeitoa, kwenye zile siku saba za matanga, nikampa mbele ya baba yake. Pamoja na noti kulikuwa na kikaratasi chenye tarehe na jina la Rebbe kwa mwandiko wa bibi. Nilikwisha kuzoea kuzitambua zile herufi za mwisho kwenye mabango ya mtaani, nikazitafuta. Baba na mwana nao waliinama kuzitafuta. Baada ya jina, bibi hakuwa ameandika kitu.