Kona ya Gemu: Akiko Amekufa, Turudi Nyuma au Tuendelee?

Mwezi huu barua karibu zote ni za magemu ya kutisha ya zamani, na nimefurahi sana maana ni magemu ninayoyapenda kwa dhati. Barua ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu najua maskani nyingi hapa Mombasa zina ugomvi kama huu.

Salaam. Sisi ni watu watano hapa Majengo, kila Ijumaa usiku tunakusanyika kwa mwenzetu mwenye TV kubwa, tunaunganisha laptopu tunacheza Sweet Home ile ya Famicom. Kila mtu amechukua mtu wake wa ndani ya gemu na padi inapita mkono kwa mkono. Ijumaa iliyopita Akiko amekufa. Mwenye Akiko alikuwa ametoka kwenda kuchukua viazi karai, mwengine ndio alikuwa ameshika padi. Sasa mwenye Akiko anataka tulodi sevu ya nyuma, yaani turudi pale tulipohifadhi gemu mara ya mwisho, wawili wanasema aliyekufa amekufa, mmoja hataki hata kuongea, na mimi niko katikati. Imefika pahali watu hawasalimiani vizuri. Tufanyeje? (Msomaji, Majengo)

Ndugu yangu, rudini nyuma. Lakini mara hii tu, na nitakwambia kwa nini mara hii tu.

Kwanza niwaeleze kidogo wasomaji ambao hawajaicheza. Sweet Home ni gemu ya kampuni ya Capcom ya mwaka 1989, ilitoka Japani kwenye Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo, na ilitengenezwa sambamba na filamu ya jina hilohilo ya Kiyoshi Kurosawa. Watu watano wanaingia kwenye jumba la mchoraji marehemu aitwaye Mamiya kutafuta michoro yake ya ukutani, mlango unajifunga, basi, kazi ni kutoka mkiwa hai. Kazuo ana kiberiti cha gesi anachomea kamba zilizoziba njia, Emi ana ufunguo, Taro ana kamera ya kupiga hiyo michoro ili maneno yaliyofichwa yatokee, Asuka ana mashine ya kufyonza vumbi anayosafishia michoro na vigae vya kioo vilivyomwagika chini, na Akiko ana sanduku la huduma ya kwanza. Timu moja haizidi watu watatu, kwa hivo watano lazima mgawanyike, watatu huku na wawili kule. Na mtu akifa harudi. Hakuna dawa ya kumfufua, hakuna sala ya kumfufua, gemu inaendelea na waliobaki mpaka mwisho, na mwisho wenyewe ni tofauti kulingana na mmebaki wangapi, kuanzia watano mpaka mmoja.

Sasa turudi kwenu. Uzito wa kifo kwenye gemu hii unatokana na kwamba wewe mwenyewe ulichagua, ulisema twende mlango ule, ulisema tonik, ile dawa ya kurudisha afya, tuibakishe kwanza, ukakosea hesabu, mtu wako akaenda. Mwenzenu hakuchagua chochote, alikuwa nje anawanunulia nyinyi chakula. Kumwambia "aliyekufa amekufa" wakati si yeye aliyempeleka Akiko kwenye pigano lile ni kumnyima gemu aliyokuja kuicheza. Kwa hivo rudini kwenye sevu mliyonayo, hata kama mtapoteza kazi ya usiku mzima, na kabla hamjashika padi andikeni sharti moja kwenye karatasi mliweke chini ya TV: mtu akitoka, timu yake inasimama pale ilipo. Timu ya pili iendelee kama inataka, gemu yenyewe inaruhusu, unahama tu kutoka timu moja hadi nyingine.

Baada ya hapo msirudi nyuma tena. Hapa nasimama na wale wawili kabisa. Sweet Home inakuruhusu kusevu karibu pahali popote, na ukiwa na emyuleta, ile programu ya kuchezea magemu ya zamani kwenye kompyuta, ndio zaidi unaweza kusevu hata katikati ya pigano, na hilo ndilo linaloiua kwa watu wengi, wanacheza kama watu wanaofanya mtihani na majibu mezani. Mkikubaliana kwamba kila baada ya chumba mnasevu na hakuna kulodi, nakuhakikishia mtaanza kuongea tofauti. Mtu atasema "ngoja, mimi nna afya kidogo, nipite nyuma", mwengine atajitolea kutoa amri ya kuita wenzake, maana kwenye pigano unaweza kuita watu wa timu nyingine waje kusaidia na inabidi uwatembeze mwenyewe mpaka wafike, na hapo chumba chote mtakuwa mnapiga kelele kama mko Mbaraki uwanjani.

Na kuna kitu wengi hawakioni mpaka wamechelewa, nacho ni mzigo. Kila mtu ana kifaa chake maalum na silaha yake, halafu nafasi mbili tu za vitu vengine. Watano ni nafasi kumi. Akifa Akiko mnabaki na nafasi nane, halafu kazi ya sanduku lake lazima ifanywe na vidonge mtakavyovikuta mle ndani, na vidonge vinakaa kwenye nafasi ya kawaida, kwa hivo mmebaki na saba. Akifa na Asuka mtahitaji ufagio, akifa Emi mtahitaji waya wa kufungulia milango, na bado kuna mbao na kamba za kuvukia mashimo ambazo huwezi kuziacha nyuma, na tonik ndio njia ya kurudisha afya na zilizomo ndani ya jumba zina idadi yake, ukizinywa zimeisha. Mtasimama mbele ya kitu kwenye sakafu mnabishana nani aangushe nini ili kile kiokotwe. Ule ubishi ndio gemu yenyewe! Mimi sijaona gemu mpya inayofanya watu watano waongee hivo juu ya kipande cha ubao.

Swali ambalo hukuuliza lakini litakuja: yule aliyefiwa na mtu wake kihalali afanye nini usiku uliobaki? Mpeni daftari. Sweet Home haina ramani, na lile jumba ni kubwa, vyumba vinafanana, mtu asiyechora anapotea. Daftari la hesabu la miraba linafaa zaidi, kila mraba hatua kadhaa, mlango uliofungwa alama nyekundu, kitu kilichoachwa chini kiandikwe jina palepale kilipoachwa maana mtakihitaji baadaye na hakuna atakayekumbuka. Mwenye daftari ana nguvu kuliko mwenye padi, wallahi, kwa sababu wote watakuwa wanamuuliza yeye. Mpeni na kusoma ujumbe wa kwenye michoro kwa sauti.

Nendeni mkasalimiane kwanza, halafu mnunue viazi karai kabla ya kuanza kucheza.

Kijana wangu ana miaka kumi na moja, anacheza na binamu zake gemu ya nyumba yenye mashetani, na nimesikia ndani yake wanasali ndio wapigane. Usiku anaamka ananiita. Nimkataze? (Mama, Tudor)

Shikamoo mama. Kwa maelezo yako ni Sweet Home hiyohiyo. Ile sala ni amri ya pigano tu, kila mtu ana alama zake za sala kama alivyo na alama za afya, anabonyeza, adui anaumia, alama zinapungua. Si ibada ya dini yoyote anayofundishwa. Kama bado una wasiwasi nao, mwalimu wake wa madrasa ndiye wa kumuuliza, wala si mimi.

Linalonisumbua mimi ni hadithi yenyewe. Sitaimwaga yote hapa kwa sababu wengine wanaicheza, lakini kiini chake ni mama aliyempoteza mtoto wake mdogo kwa njia mbaya sana na yaliyofuata yaliwagusa watoto wengine. Picha ni za kizamani, vijidoti tu, ila mtoto wa miaka kumi na moja anaelewa maneno, na kama anaamka usiku basi yameshamfikia. Ndio mama, kwa sasa mkataze hii, na usimfiche sababu, mwambie ni ya wakubwa na ataikuta akiwa mkubwa. Binamu zake wakija wacheze nyingine. Na umuulize ni kitu gani hasa kilichomtisha, umsikilize mpaka amalize, maana mara nyingi si yule shetani unayemdhania, ni yule mtoto wa kwenye hadithi.

Ni kweli gemu ya Resident Evil imetoka kwa hii Sweet Home au ni maneno ya baraza? (Msomaji, Likoni)

Ni kweli. Aliyeongoza Sweet Home ni Tokuro Fujiwara, na miaka ya baadaye akiwa bado Capcom alitaka ile kazi ifanywe upya kwa mashine yenye nguvu zaidi, kazi akampa Shinji Mikami, na ikakua ikawa Resident Evil ya 1996 kwenye PlayStation. Ndio maana utaona mambo yaleyale: jumba, begi dogo lisilotosha, barua na maandishi ya waliokufa yanayokueleza kilichotokea, hata ule mlango unaofunguka polepole mbele yako ukibadilisha chumba ulikuwemo Sweet Home. Ukicheza hii ya 1989 baada ya ile ya 1996 utakuwa unasimama kila dakika kumi unasema "kumbe!".

Kiingereza changu si kizuri na ile ya asili ni Kijapani. Nitaelewa? (Msomaji, Kisauni)

Utaelewa ukicheza na wenzako. Nje ya Japani haikuwahi kuuzwa rasmi, ile ya Kiingereza ni tafsiri ya mashabiki wenyewe iliyotoka mwaka 2000, na sentensi zake ni fupi. Mchague mmoja mwenye Kiingereza awe anasoma kwa Kiswahili papo hapo, kwa sauti, bila haraka. Hadithi ya kutisha ikisomwa kwa sauti na mtu unayemjua, kwa lafudhi ya nyumbani, inaingia zaidi kuliko kuisoma mwenyewe kimyakimya. Ila jina la kitu liacheni kama lilivyo kwenye skrini, msipofanya hivo mtachanganyikiwa mkikitafuta kwenye begi.

Sisi ni wawili tu, mimi na dadangu, tuko Mtwapa. Watu watano ni wengi kwetu. Kuna nyingine? (Msomaji, Mtwapa)

Watano si wengi kwa wawili. Chukua wewe timu ya watatu, dadako timu ya wawili, mukifika katikati mubadilishane. Lakini kama munataka yenye wahusika wawili tu, tafuteni Resident Evil Zero ya mwaka 2002. Ina Rebecca na Billy, unahama kutoka mmoja hadi mwengine, na vitu unaviacha chini kwenye sakafu unavirudia baadaye kama Sweet Home. Rebecca anapenya pahali padogo na anachanganya dawa, Billy ana nguvu ya kusukuma vizito na anahimili kupigwa. Dadako achukue anayemtaka yeye, usimchagulie. Mwanzo wake ni ndani ya gari moshi, nafasi ni nyembamba na risasi ni chache, kwa hivo mule ndani vitu muviache kwenye behewa moja tu mulilolikubali, vyote pamoja, musivitawanye.