Hadina haikisiwi

Jumamosi iliyopita niliwakuta vijana wawili hapa Kilifi, chini ya mwembe karibu na maji, wanahangaika na boti ya matanga ya futi 24 waliyoachiwa na mwenyewe aliyerudi kwao. Mmoja alikuwa anamimina hadina, dawa ya kugandisha, kwenye bakuli la epoksi, gundi ya kuungia faiba. Akatazama wingu, akaongeza kidogo. Nikamshika mkono hata kabla ya salamu, jambo ambalo mama yangu asingenisamehe. Ndiyo maana naandika. Wadogo zangu mnaofufua boti kuukuu za faiba jioni na wikendi, makosa haya tulishayalipia sisi. Msiyalipie tena.

1. Gonga sitaha yote kabla hujatoa pesa. Mpini wa bisibisi unatosha. Pazima panalia kavu, palipooza panajibu kama boga. Boti nyingi za miaka ya 1970 ganda lake ni nene na halina neno. Ugonjwa uko kwenye sitaha, ambayo katikati ya tabaka mbili za faiba imewekwa mbao nyepesi ya balsa, na kila tundu la skrubu lisilozibwa vizuri ni mlango wa maji. Yangu, ya futi 27, niliinunua mwaka 2009. Niligonga upande wa tezi tu, yaani nyuma, kwa sababu omo, mbele, ilikuwa imefunikwa na tanga na niliona haya kumwomba mzee wa watu aliondoe. Mwambieni aliondoe.

2. Hadina ya epoksi si hadina ya poliesta, ile gundi nyingine ya faiba. Hapa nikae kidogo.

Shida inaanzia kwenye jina. Dukani zote mbili zinaitwa hadina, na fundi aliyetufundisha kuziba matangi alituonyesha ile ya poliesta: asilimia 1 mpaka 2 ya resini, ule uji wa gundi, jua likiwa kali unapunguza, kukiwa na wingu unaongeza. Hakukosea. Ile inaamsha tu, kisha resini inashikana yenyewe kwa yenyewe. Ya epoksi ni sehemu ya gundi yenyewe. Kila chembe ya resini inatafuta chembe ya hadina ya kushikana nayo, na ukizidisha, za ziada zinabaki hazina mwenza na kazi yako inabaki laini. Kipimo kimeandikwa kwenye kopo, tano kwa moja, mbili kwa moja au vinginevyo, na hakijui jua wala mvua. Ukitaka iwahi kukauka au ichelewe, nunua hadina ya aina nyingine.

Machi 2011 sikuyajua hayo. Nilikuwa nimefungua sitaha ya omo, nimekwangua balsa yote iliyooza, nimekausha wiki tatu, nimepanga balsa mpya kipande kwa kipande mpaka ikatulia kama mkeka. Ilikuwa kazi nzuri, mpaka leo naiona. Kaskazi ilikuwa inakatika na masika inanukia. Epoksi niliinunua kwa pesa niliyoiweka miezi minne kwa ajili ya tanga jipya. Kila bakuli nilitia kipimo chake, kisha kifuniko kimoja cha ziada ili niiwahi mvua. Nikalaza tabaka tatu za kitambaa cha faiba, nikaenda kulala nimefurahi.

Asubuhi niliweka kidole kikaacha alama. Nikajiambia ni umande. Mchana ikawa inanata kama halua. Siku ya tatu ni vile vile, nami nikapaka bakuli jingine juu yake, lenye hadina zaidi ya lile la kwanza. Siku ya tano mvua ikapita chini ya turubai na balsa yangu ikanywa.

Epoksi ikiharibika hivyo haina dawa ila kukwangua. Tulikwangua siku 11, kwa patasi, matambara na asetoni. Nasema tulikwangua kwa sababu nilikuwa na kijana wa miaka 19 niliyemlipa kwa siku, mkono wake mwepesi kuliko wangu. Glavu zilikuwa jozi moja. Nilizivaa mimi.

Hilo ndilo linaloniuma, si pesa wala balsa. Epoksi ambayo haijaiva ndiyo adui wa ngozi, na asetoni inaisaidia kupenya. Siku ya saba vidole vyake vilivimba, malengelenge yakapanda mpaka viwikoni, macho yakafumba. Alipewa dawa hospitali akapona, lakini mwili ukishaikataa epoksi haurudi nyuma. Mpaka leo mtu akifungua kopo karibu naye anaanza kujikuna, na ile kazi aliyoipenda ikamfungia mlango. Sasa anashona matanga, anashona vizuri sana, na hajanilaumu hata siku moja. Nilikwenda kwao nikamwomba radhi mbele ya mama yake. Mama alinipa chai na hakusema neno.

Kwa hiyo mizani ya jikoni inayosoma gramu, na glavu kwa kila mtu aliyepo. Kipimo cha uzito si sawa na cha ujazo, someni kopo lenu. Koroga dakika mbili kamili huku ukikwangua kingo na chini. Kisha mwaga kwenye sinia pana, maana ndani ya kikopo kirefu, kwa joto letu, itachemka na kutoa moshi.

3. Epoksi inashika juu ya poliesta kuukuu iliyopigwa msasa, lakini poliesta juu ya epoksi ni bahati nasibu. Mati ya nyuzi za vipande ni ya kutumia na poliesta. Kwa epoksi tumieni kitambaa. Epoksi ikikauka ioshe kwa maji na sponji gumu, ndipo upige msasa. Juu ya balsa anza saa tisa alasiri joto likishuka, kwani asubuhi hewa ya ndani inapanuka na kukuletea mapovu.

4. Vumbi la faiba ni upupu. Barakoa ya vichujio, mikono mirefu, na ukimaliza oga maji ya baridi kwanza. Mke wangu aliwahi kufua shati langu la msasa pamoja na shuka, na nyumba nzima tukakesha tukikunana migongo. Tangu siku hiyo nguo za boti hulala botini.

5. Vali za chini ya maji zivueni zote. Shaba ya njano hupoteza zinki kwenye maji ya chumvi, ikawa na wekundu na kukatika kama biskuti. Mabamba yanayoshika waya za mlingoti nayo yavueni, hata yaking'aa: stenlesi inaoza pale isipopata hewa, ndani ya sitaha.

6. Ya hewa nilifundishwa na mzee mmoja fundi wa majahazi, aliyesimama kuitazama boti yangu akiwa na pamba ya kalafati, ile ya kuzibia nafasi za mbao, begani. Akauliza, "Hii inapumulia wapi?" Nikamwambia faiba haipumui, mzee. Akasema, "Basi nawe ukiwa ndani usipumue." Wiki iliyofuata nilitoboa matundu mawili ya hewa, na ukungu uliokuwa unakula mbao za ndani ukakoma.

7. Kupandisha na kushusha chombo ni kwa bamvua, maji yanapojaa sana, na uwe tayari siku mbili kabla. Ikikupita unangoja kama wiki mbili, na mwenye trekta atakuwa amekwenda kwa mwingine.

Vijana wa mwembeni, lile bakuli nililowamwagisha msilisikitikie. Jumamosi nakuja na mizani na jozi nne za glavu. Upande wa kulia wa mlingoti, hatua mbili kutoka dirishani, sitaha yenu inalia boga. Msipafunike kabla sijafika.