Choo cha mboji Jambiani: maji ya kuchambia yaende wapi?

Dada, umeuliza kama choo cha mboji, yaani kinachogeuza kinyesi kuwa mbolea, ambacho kikundi chenu kinataka kujenga kwa kujitolea hapo Jambiani, Unguja, kitanuka, na mtachimbaje mwamba. Msichimbe kabisa. Jengeni vyumba viwili vya kinyesi juu ya ardhi kwa mawe ya matumbawe na chokaa, mtu apande ngazi tatu nne. Kimoja kikijaa mnakifunga, mnahamia cha pili. Hata kwa joto la huko, kikae zaidi ya mwaka kabla ya kuzoa. Mayai ya minyoo ni sugu.

Harufu inaletwa na unyevu. Mkojo uwe na njia yake mbele, uishie kwenye dumu, na kila anayemaliza haja kubwa amwage kopo la majivu au maranda. Bomba la hewa lipite juu ya paa, mdomoni lifungwe wavu wa kuzuia nzi.

Sasa, michoro mingi ya vyoo hivi imechorwa na watu wanaojifuta kwa karatasi. Sisi tunachamba kwa maji, na maji hayo yakiingia chumbani mmekwisha: funza na uvundo. Wekeni sehemu ya tatu ya kuchambia, pembeni ya tundu, mfereji wake umwage kwenye kokoto zilizozungukwa na migomba. Mbali na kisima tafadhali, matumbawe yanapitisha maji bila kuyachuja.

Paa la makuti linatosha, ila lishuke chini vizuri. Masika yakipiga ndani, majivu hayasaidii kitu.