Maswali na Majibu: Mgeni Keshapewa Jembe

Barua za wiki hii karibu zote zinahusu wanachama wapya wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Nimechagua nne.

*Somalia imeingia juzi tu. Itakuwa na sauti gani katika mambo ya Jumuiya na Ethiopia? (Msomaji, Wete)*

Sauti ileile ya Tanzania. Mkutano wa Wakuu wa Nchi huamua kwa muwafaka, neno ambalo Mzanzibari hahitaji kufafanuliwa, kwa hivyo aliyekamilisha uanachama Machi 2024 anaweza kulizuia jambo sawasawa na waliotia saini Mkataba mwaka 1999. Isitoshe, kila anayeingia huja na mipaka yake na ugomvi wake: Sudan Kusini ilitufikisha mlangoni mwa Sudan, Kongo ikatufikisha Angola, na Somalia ilikabidhi hati zake miezi miwili tu baada ya Ethiopia kutia saini na Somaliland, eneo lililojitangazia uhuru kutoka Somalia, makubaliano ya kupata njia ya bahari, ambayo Mogadishu iliyapinga vikali. Anayedhani Arusha itazungumza na Addis Ababa juu ya bahari bila Mogadishu kuridhia, hajausoma Mkataba. Ibara ya 3 imeweka masharti ya kuingia, yakiwemo utawala bora na utawala wa sheria. Kwa maoni yangu tumeyapitia mbiombio, na sasa ni kuchelewa kulalamika.

*Je, Zanzibar ina kiti chake katika Jumuiya? (Msomaji, Mkunazini)*

Hapana, na nimeshachoka kulijibu swali hili. Mambo ya nje ni ya Muungano. Aliyesahau yaliyotukuta mwaka 1993 na OIC, jumuiya ya nchi za Kiislamu ambayo Zanzibar ilijiunga nayo kisha ikalazimika kujitoa, awaulize wazee wake.

*Ulaya nako wageni huelekeza siasa ya nje? (Mwalimu, Chake Chake)*

Naam, tena kwa ustadi kuliko sisi. Poland iliingia Umoja wa Ulaya Mei 2004, ikiwa inapakana na Ukraine na Belarus. Mwaka 2008 ikashirikiana na Sweden, mwanachama wa zamani kidogo, kupendekeza Ushirikiano wa Mashariki, na Mei 2009 mpango huo ukazinduliwa Prague pamoja na nchi sita za jirani. Haikupiga kelele; ilileta andiko na mshirika.

*Kwa nini kikosi cha Jumuiya kiliondoka Kongo? (Msomaji, Makunduchi)*

Kwa sababu mwenyeji alikataa kukiongezea muda. Kikosi kilianza kuwasili Goma Novemba 2022, miezi michache tu baada ya Kongo kujiunga. Kinshasa ilitaka kipigane na waasi wa M23, wenzake wakakiona kama kikosi cha kusimamia usitishaji wa mapigano, na kufikia Desemba 2023 kilikuwa kimefungasha. Hapo Kongo ikaugeukia mlango wake wa pili, SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ambako Tanzania nayo ni mwanachama na ilipeleka askari. Rwanda, inayotuhumiwa na Kinshasa kuwasaidia M23, haimo SADC. Imo katika Jumuiya tangu 2007. Ndiyo maana tarehe 8 Februari 2025 jumuiya zote mbili zililazimika kukutana Dar es Salaam katika kikao kimoja.